Kipimo cha Nne Hakina Majini

Kila nikitaja nafasi ya vipimo vinne, hakosekani wa kuuliza kama ndiko wanakokaa majini. Swali ni la zamani. Mwaka 1877, mjini Leipzig, profesa wa elimu ya nyota Johann Zöllner aliketi meza moja na Henry Slade, Mmarekani aliyejidai kuzungumza na mizimu. Kamba iliyofungwa ncha ilipoonekana imepata mafundo, Zöllner akasadiki ni kazi ya viumbe wa kipimo cha nne. Ni kweli kwamba katika vipimo vinne fundo la kamba hufunguka bila kuachia ncha. Lakini ukweli wa hesabu haumgeuzi laghai kuwa mkweli.

Kipimo ni namba tu. Muuza duka anayeandika kila siku bei ya unga, sukari, mafuta, chumvi na sabuni, kila siku yake ni nukta katika nafasi ya vipimo vitano. Hakuna haja ya kufumba macho na kujikaza ili uione. Hakuna aionaye, tunapiga hesabu.

Nilipanga kuanza na mistari, kisha miraba, lakini upo mfano ambao siwezi kuuweka kiporo. Chora mraba wa sentimita 4 kila upande. Pangia ndani yake maduara manne yanayogusana, kila moja lenye nusukipenyo cha sentimita 1. Katikati panabaki upenyo; chora humo kiduara kinachoyagusa yote. Kwa kanuni ya Pythagoras, nusukipenyo chake ni kipeuo cha pili cha 2, toa 1: kama 0.41. Kwenye mchemraba wenye matufe manane, ni kipeuo cha 3 toa 1: 0.73. Katika vipimo vinne, tufe la kati linalingana na ya pembeni. Katika vipimo tisa, kipeuo cha 9 toa 1 ni 2: linagusa kuta za sanduku. Katika kumi ni 2.16. Limetokeza nje, ingawa limezungukwa na matufe 1,024!

Hapo wengine huandika kwamba tufe la vipimo vingi lina miiba. Si kweli hata kidogo. Tufe ni la mviringo vilevile, kila nukta ya uso wake iko umbali uleule kutoka kitovuni. Kilichobadilika ni sanduku. Kuta zake zimebaki sentimita 2 kutoka katikati, lakini pembe zimekwenda mbali: katika vipimo tisa ziko sentimita 6. Matufe ya pembeni yamezifuata pembe hizo, yakaacha katikati peupe.