Masoko Mawili, Kipimo Kimoja: Kikima na Munich

Wasomaji wengi wa Ukambani wanalijua soko la Kikima, lililo juu ya vilima vya Mbooni katika Kaunti ya Makueni. Wasiolijua nitawaonyesha njia. Ukitoka Tawa, barabara huanza kupanda, na joto la bondeni hukuacha nyuma kidogo kidogo. Pande zote mbili utaona matuta ya fanya juu yaliyochimbwa na wazee wetu kwa jembe na koleo, na juu ya matuta hayo migomba, kahawa, mahindi na maharagwe. Siku ya soko, kabla jua halijapanda, utawakuta akina mama njiani, kila mmoja na kyondo mgongoni, ukanda wake umepita juu ya kichwa.

Nilizaliwa karibu na soko hilo, na mama yangu ameuza maharagwe pale tangu kabla sijaanza shule. Walakini nakiri kwamba sikupata kulitazama sawasawa mpaka nilipokwisha kuona soko la watu wengine, katika mji wa Munich, nchi ya Ujerumani.

Mjerumani mmoja alitutangulia katika kutembeleana. Mwaka 1849 Johann Ludwig Krapf, mmisionari kutoka Württemberg, alifika Kitui kwa Kivui, mfanyabiashara mashuhuri ambaye misafara yake ilipeleka pembe za ndovu Mombasa. Akiwa huko, tarehe 3 Desemba, aliuona Mlima Kenya na theluji yake, akaandika habari zake kwa watu wa Ulaya. Basi mwezi wa Juni mwaka jana, mdogo wangu anayesoma Munich aliponialika kwake, nilijisemea kwamba sasa ni zamu ya Mkamba kwenda kutazama na kuandika.

SOKO LA MFALME

Soko lenyewe huitwa Viktualienmarkt, na maana ya jina hilo ni soko la vyakula tu. Halina paa kubwa kama Marikiti ya Mombasa. Ni uwanja ulio wazi, wenye miti na vibanda zaidi ya mia moja, katikati kabisa ya mji. Zamani nafaka na vyakula viliuzwa katika uwanja wa jirani, ambao leo huitwa Marienplatz. Mji ulipokua, uwanja ule haukutosha tena. Mwaka 1807 Mfalme Maximilian wa Kwanza Joseph aliamuru sehemu ya soko ihamishwe, na majengo ya hospitali ya zamani yaliyokuwa karibu na Kanisa la Roho Mtakatifu yakabomolewa ili nafasi ipatikane. Katika Vita Kuu ya Pili mabomu yaliliharibu sana. Baada ya vita wako waliotaka ardhi ile ijengwe maghorofa, kwa kuwa ni ya thamani kubwa. Lakini soko likajengwa upya, na mpaka leo lipo.

Tulifika asubuhi ya Jumamosi, maana Jumapili soko hilo hufungwa. Niliona mboga zilizopangwa kama vitabu katika maktaba, jibini za kila namna, samaki, maua, mikate, na asali, ambayo Mkamba hawezi kuipita bila kusimama. Palikuwa na visima vya maji vyenye sanamu za wachekeshaji wa zamani wa mji ule. Sanamu ya mmoja wao, Karl Valentin, ilikuwa imewekewa maua, na mdogo wangu akaniambia kwamba watu humwekea maua siku zote kwa mapenzi tu.

Walakini si maua wala jibini iliyonishangaza zaidi. Nilitaka kununua matunda madogo mekundu yaitwayo stroberi. Mama mmoja mtu mzima, aliyevaa aproni, aliweka kwanza kikapu kitupu juu ya mizani, akabonyeza kitufe, na hesabu ikarudi sifuri. Ndipo akatia matunda. Nambari za uzito na za bei zilionekana upande wake na upande wangu pia. Nikamwuliza mdogo wangu kwa nini alipima kikapu kitupu. Akanijibu, "Ili usilipie kikapu, kaka. Wewe unanunua matunda."

Nikazunguka soko zima nikitazama neno hilo moja. Kila mahali bei ilikuwa imeandikwa ubaoni, kwa kilo au kwa gramu mia moja, na mizani ilikuwa imemwelekea mnunuzi. Sikuona mtu akibishana juu ya kiasi. Wengine walilalamikia bei, na kwa haki, maana mdogo wangu aliniambia kwamba wanafunzi wenzake wengi hununua mboga zao katika maduka ya bei nafuu, si hapo. Lakini kilo ilikuwa kilo kwa tajiri na kwa maskini.

Hata huko mambo hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani nchi mbalimbali za Wajerumani zilikuwa na vipimo vyao, na ratili ya mahali hapa haikuwa lazima iwe ratili ya mahali pale. Ni tarehe 1 Januari 1872 ndipo mita na kilo zilipokuwa sheria katika dola yote ya Ujerumani. Kwa hiyo soko lile lilikuwa na umri wa miaka 65 kabla halijapata kilo ya sheria. Habari hiyo ilinifariji, maana ilinionyesha kwamba kipimo cha haki hakiji chenyewe na umri wa soko. Huletwa na watu walioamua kuwa nacho.

VILIMA NA BONDE

Mwezi wa Februari mwaka huu nilichukua likizo, nikaenda nyumbani Mbooni wakati wa mavuno ya mvua za mwisho wa mwaka. Siku ya soko nilimsindikiza mama Kikima. Alikuwa na magunia mawili ya maharagwe, na fedha zake zilikuwa zimekwisha kupangwa: karo ya mdogo wetu wa mwisho, aliye kidato cha tatu.

Nikalitazama soko letu kama nilivyolitazama lile la Munich. Watu wa vilimani walikuwa wameleta viazi, kabichi, sukuma wiki, ndizi na maparachichi. Watu wa bondeni walikuwa wamepanda na ndengu, kunde, maembe na mbuzi. Pale penye kivuli akina mama waliuza muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa yakatolewa maganda. Nikafahamu jambo ambalo nilikuwa nimeliona tangu utoto bila kulifikiri: soko hili ni mahali kilima na bonde vinapokutana. Mwenye mvua na mwenye jua hupeana walivyo navyo.

Na jambo hili ni la kale kuliko jengo lolote. Wazee husimulia, na wanahistoria wameandika, kwamba Mbooni ilikuwa makao ya mwanzo ya Wakamba katika nchi hii, na kwamba kutoka hapo walitawanyika kwenda sehemu nyingine za Ukambani. Waliokwenda nchi kavu walikuwa na mifugo mingi, walakini mvua ilipowakosa walirudi vilimani kutafuta chakula kwa mbuzi, kwa asali, au kwa kazi ya mikono. Safari hizo za kutafuta chakula huitwa kuthuua. Wako wanahistoria wasemao kwamba biashara kubwa ya Wakamba, iliyofika mpaka pwani, ilianzia katika safari hizo. Basi kwetu soko lilianza kuwa dawa ya njaa kabla halijawa mahali pa faida.

MKEBE ULIOVIMBA

Mchuuzi mmoja mwenye lori alikuja kununua maharagwe ya mama. Bei ya siku hiyo ilikuwa shilingi 200 kwa gorogoro. Wasomaji wa mbali wafahamu kwamba gorogoro ni mkebe wa mafuta ya kupikia, ambao sokoni huhesabiwa kuwa kilo mbili. Gunia la kilo 90, basi, lapasa kutoa gorogoro 45. Mimi ni karani, na kuhesabu ni kazi yangu. Nilisimama nikihesabu, na gunia la kwanza likaisha katika gorogoro 40.

Nikaomba kuushika mkebe wa mchuuzi. Kitako chake kilikuwa kimegongwa kutoka ndani mpaka kikavimba kwa nje, na mbavu zake zilikuwa zimetanuliwa. Kila alipoujaza, alipata robo kilo ya bure. Katika magunia mawili mama angepoteza gorogoro kumi, yaani shilingi 2,000. Na wauzaji wengine wa reja reja hufanya kinyume: hugonga kitako kiingie ndani, ili mnunuzi maskini apate pungufu. Mkebe ule ule huvimba ukinunua na husinyaa ukiuza. Ndugu yake ni lumbesa, lile gunia la viazi au kabichi linaloongezwa kichwa cha wavu juu yake na kulipwa kama gunia moja. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema gunia la viazi lisizidi kilo 50, lakini kanuni haina miguu ya kupanda Kikima yenyewe.

Nilitaka kupiga kelele. Mama akanishika mkono, akanivuta kando.

"Mwanangu," akasema, "unadhani sijui? Mkebe huo naujua kuliko wewe. Lakini mvua ikikosa, ni lori hilo hilo linaloleta mahindi hapa. Nikimfukuza leo, siku ya njaa nitamwita nani?"

Kisha akanikumbusha njaa moja ya miaka ya 1980, ambayo Wakamba waliipa jina la Nikw'a Ngwete, maana yake, "Nafa nikiwa nimeshika." Watu walikuwa na fedha mkononi, wala hapakuwa na chakula cha kununua. Mama alikuwa msichana. Alisema baba yake alikwenda sokoni na noti mfukoni, akarudi jioni na noti zile zile, akaziweka mezani, na hakuna aliyesema neno. "Tangu siku ile," akasema mama, "nikiona lori sokoni, moyo wangu hutulia, hata likiwa la mwizi."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekuja na elimu ya Munich, na mama alikuwa na elimu ya njaa. Aliuza magunia yake yote mawili kwa mkebe ule uliovimba, nasi tukarudi nyumbani. Karo ilipungua, nami nikaijaliza kutoka mshahara wangu.

MIZANI YA MAMA

Usiku ule sikulala upesi. Nilifikiri kwamba mama amesema kweli, lakini nusu yake. Soko lisilo na mchuuzi ni hatari, naam. Walakini mkulima anayenyang'anywa robo kilo kwa kila mkebe katika mwaka wa mavuno hawezi kuweka akiba, na asiye na akiba ndiye anayeanguka wa kwanza mvua ikikosa. Basi mkebe uliovimba nao ni mlango wa njaa, ila hufunguka polepole.

Nilinunua mizani ya kuning'iniza. Sikumpelekea mama moja kwa moja. Niliipeleka kwanza kwa ofisa wa vipimo ikakaguliwa na kupigwa muhuri, kwa maana sheria ya Kenya haimruhusu mtu kufanya biashara kwa mizani isiyokaguliwa. Kisha nikampa mama, naye, bila kuniuliza, akawaita majirani zake saba wanaouza maharagwe upande ule wa soko. Wakapatana kwamba gunia halitafunguliwa kwa mkebe wa mtu yeyote kabla halijapimwa.

Siku ya soko iliyofuata mchuuzi wa kwanza aliitazama mizani, akacheka, akaenda zake. Mama aliniambia kwa simu kwamba walikaa mpaka saa nane mchana bila kuuza, na wawili kati ya wale saba wakavunjika moyo wakauza kwa mkebe. Saa tisa akaja mchuuzi mwingine, akapunguza bei kidogo kwa kilo, akanunua kwa mizani. Mama alipopiga hesabu aliona kwamba, hata kwa bei hiyo ya chini, amepata zaidi kuliko angepata kwa mkebe uliovimba. "Yule wa kwanza atarudi," akasema. "Naye anahitaji maharagwe." Sijui kama atarudi. Mama anajua watu wa soko kuliko mimi.

Katiba ya mwaka 2010 iliweka masoko mikononi mwa kaunti, na yafaa tudai maji, vyoo, vivuli na mizani ya umma katika kila soko, kwa maana ushuru twalipa. Walakini Kikima isingoje mfalme wa kutoa amri. Wauzaji wanane na mizani moja wanaweza kuanza. Ninyi wasomaji wenye mishahara, mnaporudi nyumbani na zawadi za sukari na majani ya chai, fikirini kama mizani yenye muhuri haingekuwa zawadi iliyo bora zaidi.

Wazee walisema, haba na haba hujaza kibaba. Maneno hayo ni kweli, ikiwa kibaba chenyewe hakikugongwa kitako.