Utangulizi: Leza Juu ya Ngozi na Kucha

Daktari akitaka kujua kilichomo ndani ya ngozi, mara nyingi hukata kipande akakipeleka maabara. Fani unayoingia leo huuliza kama mwanga pekee hautoshi kuleta habari hizo, mwenye ngozi akiwa ameketi tu.

Jibu lilianza kupatikana Kolkata mwaka 1928. C. V. Raman na mwenzake K. S. Krishnan waliona kwamba mwanga wa rangi moja ukipita kwenye kimiminika, sehemu yake ndogo hutoka imebadilika rangi. Kila aina ya molekuli hutetemeka kwa namna yake, na mtetemo huo huacha alama kwenye mwanga. Raman alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Hata hivyo, ni takriban fotoni moja kati ya milioni kumi inayobadilika hivyo. Fani ilisubiri leza, iliyopatikana mwaka 1960, ndipo ikashika kasi.

Wanafunzi wangu huwaanzishia kwenye ukucha. Hauna damu, hautoki jasho, na kipande chake hupatikana bila mtu kuumia. Sehemu yake kubwa ni keratini, protini ambayo nyuzi zake hufungwa pamoja na jozi za atomu za salfa. Jozi hizo hujitokeza kwenye spektra, yaani mchoro wa mwanga uliobadilika, karibu na mawimbi 510 kwa sentimita. Zikipungua, alama hiyo nayo hufifia. Na kwa kuwa ukucha wa mkono hukua kama milimita 3 kwa mwezi, ncha yake ilitengenezwa miezi kadhaa nyuma. Ukipima kutoka shinani hadi nchani, unasoma mwili ulivyokuwa, kama kurasa za shajara.

Ngozi ina ugumu wake, na hapa ndipo ninapowahitaji zaidi wasomaji wa Afrika Mashariki. Melanini, yaani rangi asilia ya ngozi, hunyonya mwanga, kisha hutoa mng'ao wake wenyewe unaoimeza ishara dhaifu ya Raman. Leza ya nanomita 785, au 1064, hupunguza mng'ao huo, lakini ngozi nyeusi bado hupata joto upesi, hivyo nguvu ya leza lazima idhibitiwe. Tayari vipima oksijeni vya kidoleni, vinavyotumia mwanga pia, vimeonekana kuwapa baadhi ya wagonjwa weusi kiwango cha juu kuliko kilichomo katika damu yao. Kwangu mimi, jedwali la vipimo lililotokana na ngozi nyeupe peke yake ni kazi isiyokamilika. Kabla ya kupima chochote kingine kwenye ngozi, andika kwanza kiasi cha melanini.