Ini Lililofungua Njia

Sogeeni karibu, wanangu. Kwenye duka la dawa kuna chupa ya kahawia. Ndani mna kitu kinachofanana na maji, lakini si maji. Kinaitwa haidrojeni peroksaidi. Wengi wanakijua kama dawa ya kuoshea vidonda. Mfaransa Louis Jacques Thénard ndiye aliyekigundua, mwaka 1818.

"Mjomba, mbona chupa yake ni ya kahawia?"

Hongera kwa kuliona hilo! Dawa hii haitulii. Hujivunja yenyewe ikawa maji na oksijeni, na mwanga huihimiza. Basi hufichwa mwanga. Lakini hata gizani hujivunja, polepole, polepole sana. Ukiimimina kwenye glasi huoni lolote.

Sasa tia kipande cha ini bichi la ng'ombe. Chwiiii! Povu jeupe linapanda, linafurika mpaka mezani. Gusa glasi kwa nje, imepata joto. Mwalimu akiingiza kwenye povu kijiti chenye kaa jekundu, kinawaka upya, kwa sababu mapovu yale yamejaa oksijeni.

"Ini limefanya nini, Mjomba?"

Tuliulize lenyewe.

"Mimi simsukumi mtu," linasema ini. "Fikirini chembe za dawa kama watu kwenye njia ya sokoni inayopanda mlima mkali; kufika sokoni ni kuvunjika. Wenye nguvu nyingi tu ndio wanaovuka. Wengine hufika katikati wakarudi. Kwa hiyo watu hufika sokoni polepole, polepole sana. Mimi nimefungua njia nyingine ubavuni mwa mlima, ya chini. Sasa hata mchovu anapita."

"Kwa hiyo unaleta oksijeni nyingi zaidi?"

Swali zuri kupita yote! Sikilizeni jibu.

"Hapana. Watu ni wale wale, soko ni lile lile. Oksijeni ni kiasi kile kile. Nimepunguza muda tu."

Kitu kinachoharakisha hivyo, na chenyewe kisitumike kikaisha, huitwa kichocheo. Kichocheo cha ini ni kimeng'enya kiitwacho katalesi. Chembe yake moja huweza kuvunja mamilioni ya chembe za dawa hii kwa sekunde moja. Hebu jaribuni kuhesabu hadi kumi kwa sekunde moja tu! Na kazi hiyo ina maana kubwa, kwa kuwa miili yetu nayo hutengeneza haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo, na ikirundikana hudhuru seli. Katalesi imo hata kwenye damu. Ndiyo maana dawa ikidondokea kidonda hutoa povu.

Kuna kichocheo kingine, manganizi dayoksaidi, unga mweusi ulio ndani ya betri kavu. Maabarani wakiupima, wakautumia, wakauchuja na kuukausha, uzito wake unabaki ule ule.

"Na ini lililochemshwa je?"

Halitoi povu. Moto umeharibu umbo la katalesi, na njia imejifunga.

Msinisadiki bure, jaribuni wenyewe. Kiazi nacho kina katalesi. Mwombeni mtu mzima awanunulie dawa ya asilimia 3, kisha tieni kipande kibichi kwenye glasi moja na cha kuchemsha kwenye nyingine. Glasi ziachwe wazi. Kamwe msitie kiazi ndani ya chupa na kuifunga, maana oksijeni ikikosa pa kutokea inaweza kuipasua.