Kuku Wanapokufa Ghafula

Jioni kuku waliingia bandani wakiwa wazima. Asubuhi unafungua mlango, unakuta watatu wamekufa, na jogoo amesimama pembeni, mbawa zimelegea, anahema mdomo wazi. Kabla ya juma kwisha umebaki na vifaranga wawili. Watu wengi wakipatwa na jambo hili husema jirani ametega sumu. Msomaji, usigombane na jirani yako bado. Kuku wakifa wengi kwa mara moja, hasa katika miezi ya baridi na upepo, mara nyingi ni kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle.

Ugonjwa huu ulitambuliwa katika Kenya mwaka 1935, na haujatoka. Huletwa na virusi, kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho. Kuku huhara maji ya kijani, hukohoa, hupooza miguu, na wengine hupindika shingo. Lakini wengine hufa kabla ya kuonyesha dalili yo yote, na ndiyo sababu watu hudhani ni sumu.

Dawa ya kuponya haipo. Vidonge vya watu, pilipili na maji ya shubiri havimwui kijidudu huyu.

Sasa fikiri jinsi unavyoingia bomani. Kuku aweza kuwa na ugonjwa mwilini kwa siku tano au sita, pengine zaidi, naye anakula na kutembea kama kawaida. Mtu akiona mmoja amekufa hukimbia sokoni kuuza waliobaki kabla hawajafa. Wewe unamnunua mmoja kwa bei nafuu, unafurahi, unamtia pamoja na wako. Basi umenunua msiba. Hata kikapu alichobebewa na matope ya viatu vyako huweza kuuleta. Kuku mgeni akae peke yake majuma mawili kwanza.

Kinga ya kweli ni chanjo, nayo hutiwa kuku wazima tu. Aliyekwisha kupata ugonjwa haimsaidii. Tone moja katika jicho moja, wakubwa kwa vifaranga, kila miezi mitatu. Chanjo hutengenezwa hapa nchini na taasisi ya KEVEVAPI. Shida ni kwamba chupa moja hutosha kuku wengi, na mama mwenye kuku kumi huona ni hasara. Basi majirani wachange fedha, wanunue chupa moja, na kuitumia yote siku ile ile. Ikibebwa juani huharibika. Ibebeni katika chombo chenye barafu.

Kama vifo vimekwisha kuanza, mwarifu Afisa wa Mifugo upesi. Usiuze kuku hata mmoja, wala usiwape mbwa mizoga. Zikeni mizoga katika shimo refu au ichomeni. Msiishike kwa mikono mitupu, kwa maana kipindupindu cha kuku na mafua ya ndege pia huua ghafula, na kwa macho tu huwezi kuvitofautisha. Mzoga mmoja uliokufa karibuni, ukifungwa vizuri katika mifuko miwili na kuwekwa penye barafu, huweza kupimwa katika maabara ya mifugo, kama ile ya Kabete.

Siku ya kuchanja, ngojeni giza liingie. Mchana mtawafukuza kuku kijiji kizima. Usiku, wakiwa wamelala, mtoto mmoja hushika taa na mwingine humshika kuku, na kazi huisha upesi.