Hereni na kipini: pima kabla ya kununua

Katika nyumba zetu nyingi binti hutogwa masikio angali mchanga, na wapo kina mama wanaovaa kipini puani. Tunapokwenda kwa sonara huuliza bei na karati, lakini ni nadra kuuliza ukubwa. Hereni isiyolingana na sikio huleta vidonda na usaha, na wakati mwingine huzama ndani ya nyama hadi ikatolewe hospitali.

Vipimo vya kuangalia ni viwili. Cha kwanza ni unene wa waya unaopita tunduni. Hereni nyingi za kawaida huwa na unene wa milimita 0.8 hadi 1. Waya mwembamba ukibeba pambo zito hukata nyama kidogo kidogo, tundu likarefuka na mwishowe ndewe ikachanika. Waya mnene kuliko tundu nao usisukumwe kwa nguvu.

Cha pili ni upana wa duara kwa ndani. Chukua rula, pima kutoka tunduni hadi ukingo wa sikio, kisha ongeza milimita 2 au 3. Kwa mfano, ukipata milimita 6, tafuta duara lenye upana wa 8 au 9. Likiwa dogo zaidi litabana nyama na kuzuia damu. Likiwa kubwa mno litanasa kwenye mtandio, au mtoto atalivuta kwa vidole.

Kwa tundu jipya mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu nyama huvimba siku za mwanzo. Hapo inafaa hereni ya kijiti chenye nafasi, na kizibo cha nyuma kisikazwe hadi kugusa ngozi. Ndewe huchukua wiki 6 hadi 8 kupona, pua huchukua miezi kadhaa, na gegedu la juu ya sikio laweza kufikia mwaka. Usibadilishe pambo kabla ya muda huo. Osha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, baada ya kunawa mikono. Majivu, dawa ya meno na mafuta ya taa havina nafasi hapo. Sindano ya kutogea iwe mpya kwa kila mtoto, kwani kuchangia sindano hueneza homa ya ini na virusi vya UKIMWI.

Angalia pia madini. Nikeli, inayochanganywa katika mapambo mengi ya bei nafuu na hata katika baadhi ya dhahabu nyeupe, huwasha na kutoa vipele. Titani au dhahabu ya karati 14 na kuendelea isiyo na nikeli ni salama zaidi.

Pambo linalobana huzuia maji wakati wa josho. Tundu likishapona, lizungushe taratibu ili maji yafike. Likiwa bado kidonda, usilisugue.

Mpeleke mtoto hospitali haraka iwapo ana homa, sikio limevimba na kuuma, au kizibo cha nyuma hakionekani tena. Na kama katika ukoo wenu makovu huvimba na kukua, zungumza na daktari kabla ya kutoga. Tundu ni la dakika moja, kovu ni la maisha.