Patriot ya Dhahran: saa ya ordinatere ilikosea theluthi moja ya segonde, wanajeshi 28 wakafa

Tarehe 25 mwezi wa pili 1991, wakati wa vita ya Ghuba, kombora Scud la Iraki lilianguka kwenye kambi ya wanajeshi wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia. Wanajeshi 28 walikufa. Mitambo ya Patriot ilikuwa imewekwa pale kwa kazi hiyo hasa: kupiga makombora yakiwa bado angani. Siku hiyo haikufyatua hata moja.

Mitambo haikuwa imevunjika. Kosa lilikuwa katika programu yake, katika namna ya kuhesabu wakati.

Ordinatere ya Patriot ilihesabu wakati kwa sehemu za kumi za segonde. Ordinatere huandika namba kwa 0 na 1 tu, na kwa hesabu hiyo sehemu moja ya kumi haina mwisho, sawa na mtu anayegawanya 1 kwa 3: ataandika 0,333 mpaka karatasi iishe. Patriot ilikuwa na nafasi 24 tu, kilichobaki kilikatwa. Ni kitu kidogo sana, lakini mashini ikikaa inawaka, upungufu unaongezeka. Ile ya Dhahran ilikuwa imewaka zaidi ya saa 100. Saa yake ilikuwa imekosea segonde 0,34.

Rada ya Patriot ikiona kitu angani, inapiga hesabu ya mahali kitakapokuwa, halafu inatazama pale tu. Kufatana na ripoti ya wakaguzi wa bunge la Marekani ya mwaka 1992, siku ile ilitazama mita 687 pembeni. Haikuona kitu.

Jambo linaloumiza ni kwamba kosa lilikuwa limejulikana. Tarehe 11, Israeli ilionya kwamba baada ya saa 8 tu rada inaanza kupotea. Tarehe 16, programu mpya ilikuwa tayari. Tarehe 21, vikosi viliambiwa kwamba kuwasha mashini kwa muda mrefu sana kunaweza kuleta shida. Muda mrefu sana ni saa ngapi? Ujumbe haukusema. Na dawa ya haraka ilikuwa ile ambayo kila mwenye simu anaijua, kuzima na kuwasha: segonde 60 mpaka 90.

Patriot ilitengenezwa kwa kuhamahama, ikiwaka saa chache mahali pamoja. Majaribio ya saa mbili tatu hayawezi kufichua kosa la namna hiyo. Lazima mashini iachwe inawaka siku nyingi. Ndivyo Boeing ilivyogundua, kwenye maabara, kwamba ndege 787 ikikaa siku 248 bila kuzimwa inaweza kupoteza umeme. Mwaka 2015 wakuu wa usafiri wa anga wa Marekani waliagiza ndege hizo zizimwe mara kwa mara.

Programu mpya ya Patriot ilifika Dhahran tarehe 26.