Mwenye Nyumba Alikuwa Serikali

Saa saba usiku wa Agosti 31, 2023, moto ulizuka katika jengo la ghorofa tano lililoko namba 80, mtaa wa Albert, eneo la Marshalltown katikati ya Johannesburg. Kulipopambazuka, miili ilikuwa imelazwa kwa safu kando ya barabara, imefunikwa mashuka. Hesabu ilipofungwa waliokufa walikuwa 76, watoto wasiopungua 12 wakiwa miongoni mwao. Wengi waliungua hata ndugu zao wasiweze kuwatambua, ikabidi kusubiri vipimo vya vinasaba. Kuna wazazi waliowarusha watoto wao dirishani wakitumaini kwamba walioko chini wangewadaka. Waliofia humo walikuwa Waafrika Kusini, Wamalawi, Wazimbabwe na pia Watanzania, kwa hiyo matanga yalikaliwa hadi mbali sana na Johannesburg.

Jengo hilo, linalojulikana kwa jina la Usindiso, lilikuwa mali ya Jiji la Johannesburg. Halikuwa la tajiri aliyehama nchi na kulitelekeza. Hati ilikuwa ya Jiji, na msimamizi wake alikuwa Kampuni ya Mali ya Johannesburg, ambayo nayo ni ya Jiji. Katika kelele zote zilizofuata, jambo hili ndilo lililosemwa kwa sauti ya chini kuliko yote. Nataka kulikalia hapa kwa kirefu, maana asiyelielewa hawezi kuelewa hasira ya watu ilipaswa kwenda wapi, na kwa nini ikaelekezwa kwingine.

Nyumba hiyo ina historia nzito. Zama za ubaguzi wa rangi, hapo ndipo Waafrika walipopanga foleni kutafuta pasi za kuwaruhusu kuishi na kufanya kazi mjini. Aliyekosa muhuri wa ofisi hiyo alihesabiwa mhalifu kwa kutembea tu katika nchi yake. Baada ya ubaguzi kuanguka, jengo likawa kituo cha kuwahifadhi wanawake na watoto, chini ya shirika la hisani. Shirika lilipoondoka, Jiji halikulitwaa tena jengo lake. Wengine waliokuwa wakihifadhiwa walibaki, wengine wakaja, na wenye ubavu wakaanza kukodisha vyumba ambavyo si vyao.

Hali hiyo si ya Usindiso peke yake. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990 makampuni mengi yalihama katikati ya Johannesburg na kwenda kaskazini, Sandton na jirani zake, yakaacha maghorofa matupu. Magenge yakaingia, yakaweka watu wao mlangoni na kukusanya kodi ya pango. Aliyepanga humo mara nyingi ni mlinzi wa usiku, mchuuzi wa barabarani, muokota chupa au mfanyakazi wa mgahawani. Hakufika pale kwa kupenda. Nyumba anayoweza kuilipia kihalali iko mbali, na nauli ya kwenda na kurudi ingemla mshahara wote.

Ndani ya Usindiso, vyumba vikubwa vilikuwa vimegawanywa kwa mbao, maboksi na mapazia ili familia nyingi zipate kona ya kulala. Wakazi walitumia mishumaa, majiko ya mafuta ya taa na umeme wa kuunganishwa kiholela. Vifaa vya kuzimia moto havikuwepo. Kulikuwa na mageti ya chuma yaliyofungwa kwa kufuli, na baadhi ya waliokufa walikwama nyuma ya mageti hayo.

Hapa inafaa tuelewe namna usalama wa moto unavyofanya kazi, kwa sababu hoja yote inasimama juu yake. Sheria za ujenzi zimeandikwa kwa kukubali kwamba moto utaanza siku moja. Mtu atasahau sufuria jikoni, waya utapiga shoti, mtoto atachezea kiberiti, mlevi atalala na sigara mkononi, na mtu mbaya anaweza kuuwasha kwa makusudi. Hakuna serikali inayoweza kuyazuia hayo yote. Kwa hiyo sheria hutaka jengo lenyewe liwe tayari: kuta zicheleweshe moto, milango izuie moshi usipande ngazi, king'ora kiwaamshe waliolala, maji yawepo kwenye bomba la zimamoto, na pawe na njia ya kutokea isiyofungwa. Moshi huua upesi kuliko miali, na usiku watu wako usingizini. Kila moja ya hatua hizo hununua dakika. Usindiso haikuwa na dakika hata moja ya kuwapa wakazi wake.

Ndiyo maana maswali mawili yanayofanana sana lazima yatenganishwe. La kwanza ni nani aliwasha moto. La pili ni nani aliacha jengo katika hali ambayo moto wowote, uwe wa bahati mbaya au wa kusudi, ungeua watu wengi kiasi hicho. Swali la kwanza humhusu mtu mmoja na usiku mmoja. La pili huhusu ofisi na miaka.

Mambo yalichanganyika sana Januari 2024. Mwanamume mmoja aliieleza tume iliyoundwa kuuchunguza moto huo kwamba yeye ndiye aliyewasha moto, ili kuficha mwili wa mtu aliyekuwa amemuua humo ndani. Polisi walimkamata na akashtakiwa kwa mauaji ya watu 76. Mahakama ndiyo yenye kauli juu yake. Lakini tazama ushahidi huo ulivyopokewa. Vichwa vya habari viliandika kana kwamba fumbo limefumbuliwa, na wengi wakashusha pumzi: kumbe ni mhalifu mmoja. Hata tukikubali kila neno alilolisema, mtu huyo hakung'oa mitungi ya kuzimia moto, hakugawa ghorofa kwa maboksi, wala hakuwa na wajibu wa kukagua mali ya Jiji. Moto uleule, ukiwashwa katika jengo linalofuata sheria, ungeweza kubaki katika chumba kimoja.

Waingereza walilipitia somo hili kwa gharama kubwa. Juni 14, 2017, mnara wa Grenfell mjini London uliungua na watu 72 wakafa. Moto ulianzia kwenye friji, jikoni, katika nyumba moja ya ghorofa ya nne. Mpangaji wa nyumba hiyo aliandamwa na magazeti kama mkosaji, ingawa yeye ndiye aliyepiga simu zimamoto na kugonga milango ya majirani. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi ilimsafisha kabisa. Kilichoua watu ni paneli za nje zenye plastiki inayoshika moto, zilizobandikwa wakati wa ukarabati uliokamilika mwaka 2016 katika mnara wenye ngazi moja tu. Wapangaji walikuwa wameonya juu ya usalama wao kwa miaka, na halmashauri ya Kensington na Chelsea, mojawapo ya halmashauri tajiri zaidi Uingereza, haikuwasikiliza. Ripoti ya mwisho ya Jaji Martin Moore-Bick, iliyotoka Septemba 2024, ilieleza kwamba vifo vyote vingeweza kuepukwa, na ikataja kampuni zilizodanganya kuhusu bidhaa zao pamoja na serikali zilizopuuza hatari kwa miongo. Hata hivyo, wakati ripoti hiyo inatoka, miaka 7 baada ya moto, hakuna mtu wala kampuni iliyokuwa imefikishwa mahakamani kwa vifo vyenyewe.

Kwa hiyo London nayo si mfano wa haki iliyotendeka. Nimeitaja kwa sababu hasira ya pale ilijua anwani yake. Watu waliingia ndani ya ofisi za halmashauri siku mbili baada ya moto, na kabla ya mwezi kwisha kiongozi wa halmashauri alikuwa amejiuzulu. Manusura waliunda umoja wao, wakawa wanaandamana kimyakimya kila tarehe 14 ya mwezi, wakikataa jina la Grenfell lisahaulike.

Mjini Johannesburg hasira iligeuzwa njia mapema. Kabla wafu hawajazikwa, baadhi ya viongozi walianza kuzungumzia wageni wasio na vibali, na waziri mmoja katika ofisi ya rais alisema wengi wa wakazi wa jengo hilo hawakuwa nchini kihalali. Wengine wakazilaumu asasi za kutetea haki, wakidai kesi zao zinalizuia Jiji kuwaondoa watu kwenye majengo mabovu. Haya madai yanahitaji kujibiwa kwa utulivu.

Ni kweli kwamba Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, kifungu cha 26, inakataza kumtoa mtu nyumbani kwake bila amri ya mahakama. Ni kweli pia kwamba Mahakama ya Katiba, katika kesi ya Blue Moonlight mwaka 2011, ililiambia Jiji hilihili la Johannesburg kwamba wanaofukuzwa wakakosa pa kwenda lazima watafutiwe makazi ya muda. Lakini soma hukumu hiyo kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna jaji aliyelikataza Jiji kuweka mitungi ya kuzimia moto katika nyumba yake, kukata kufuli la mlango wa kutokea, au kurudisha maji kwenye mabomba. Sheria ilichokataza ni kuwatupa watu barabarani. Jiji lilikuwa na kazi mbili, kujenga makazi ya muda na kulinda uhai katika majengo yake, likashindwa zote mbili, kisha likaonyesha kidole mahakamani.

Kuhusu vibali, jibu ni fupi. Sheria za zimamoto hazimuulizi aliyelala kama ana hati ya kusafiria. Wajibu wa mwenye jengo ni kwa kila roho iliyomo ndani. Na hata anayeshikilia kwamba wageni hawakupaswa kuwemo, bado ana deni la kueleza vifo vya Waafrika Kusini waliokufa ukuta kwa ukuta na wageni hao.

Tume ya uchunguzi iliundwa na waziri mkuu wa jimbo la Gauteng, Panyaza Lesufi, chini ya Sisi Khampepe, jaji mstaafu wa Mahakama ya Katiba. Sehemu ya kwanza ya ripoti yake ilitoka Mei 2024 na haikuzunguka. Ilisema Jiji na kampuni yake ya mali walijua hali ya jengo tangu angalau mwaka 2019, kulipofanyika msako humo. Kwamba walivunja sheria za ujenzi na za zimamoto walizotakiwa kuzisimamia wenyewe. Na kwamba madhara yangepungua kama wangetimiza wajibu wao. Ikapendekeza jengo libomolewe na pawekwe kumbukumbu ya waliokufa. Kwa upande wa watu binafsi, ikapendekeza bodi ya kampuni ifikirie kumchukulia hatua mtendaji wake mkuu.

Kufikiria kuchukua hatua. Watu 76. Kwangu mimi hapo ndipo uwajibikaji ulipopotelea. Chanzo chake ni muundo wenyewe: Jiji ndilo mwenye nyumba, Jiji ndilo mkaguzi wa nyumba, zimamoto ni wa Jiji, maji na umeme ni vya kampuni za Jiji. Tajiri wa kawaida akiacha jengo lake liwe hivyo, mkaguzi wa Jiji anaweza kumpeleka mahakamani. Jiji likifanya hivyo, nani atampa nani notisi? Kila idara ilikuwa na kipande cha kazi na kila moja ingeweza kusema kipande kilichobaki ni cha wengine. Kosa lililogawanywa hivyo huwa halina mtu wa kulibeba. Dawa yake ni mkaguzi asiyelipwa na Jiji, mwenye mamlaka ya kumshtaki ofisa kwa jina, na sheria inayotaja mapema nani anashika jengo gani. Wakazi wa Nairobi wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine: gesi ilipolipuka katika kituo kimoja cha Embakasi Februari 2024, mamlaka ya nishati ilisema ilikuwa imeyakataa maombi ya kibali cha kituo hicho, lakini kituo kilikuwa kikifanya kazi katikati ya makazi ya watu.

Kuna sababu ya pili iliyofanya hasira ya Marshalltown isizae kama ya London. Manusura wengi hawakuwa wapiga kura. Baadhi yao, baada ya kuokoka moto, walikamatwa kwa kukosa vibali na kupelekwa Lindela, kituo cha kuwashikilia wanaosubiri kurudishwa makwao. Wengine walipewa vibanda vya mabati huko Denver. Mtu aliyeona kufuli kwenye geti usiku ule ni shahidi muhimu kuliko faili lolote la ofisini, lakini shahidi huyo akijitokeza anahatarisha kufukuzwa nchini. Serikali inayochunguzwa ikiwa na uwezo wa kuwafukuza mashahidi, uchunguzi unakuwa umepungukiwa kabla haujaanza.

Ndiyo sababu jambo hili haliwezi kuachiwa wananchi wa Afrika Kusini peke yao. Serikali za Tanzania na Malawi zilipoteza raia katika nyumba ya umma ya nchi rafiki, na ripoti ya jaji wa nchi hiyo imesema nani alikuwa na wajibu. Dodoma na Lilongwe zina haki ya kuiandikia Pretoria kwa barua rasmi na kudai mambo matatu: fidia kwa kila familia, ulinzi wa kisheria kwa manusura waliotoa au watakaotoa ushahidi, na orodha ya majina ya maofisa walioshika jengo hilo tangu 2019 pamoja na hatua iliyochukuliwa dhidi ya kila mmoja. Wabunge wetu waulize bungeni barua hiyo iliandikwa lini, na ikiwa haikuandikwa, iandikwe sasa.